Mrehani wa Ukingoni

Jumamosi, 8 Novemba 2014

Nimemkanda Bi Zuwena miguu, nimempa uji, nimemtoa barazani. Kila siku hivyo hivyo, mwaka wa tatu huku kwa Waarabu. Leo kaniambia uji wangu wa Kisambaa ni mzito kama simenti. Napika uji tangu nina miaka saba. Nimeuongeza maji.

Jana baada ya chakula cha Ijumaa sir aliniita pembeni. Bwana Hilali, mwanawe wa pekee. Si mtu mbaya, ila akishasema kasema. Anataka uwanja wa nyuma utiwe vigae wote. Mama kaanguka mara mbili kwenye ukingo wa bustani, na bustani yenyewe msimu uliopita haikutoa hata boga moja. Maua matupu. Nikamwomba msimu mmoja tu. Akafikiri, akasema mwisho wa Machi. Ikizaa, inabaki. Isipozaa, khalas, vigae.

Nimesema "yes sir". Ningesema nini?

Yeye anaishi kwake, hajui. Mimi ndiye niliyemwona Bi Zuwena Julai na Agosti, joto lilipoua kila kitu huko nje. Alilala anatazama ukuta. Hakuniuliza hata leo siku gani. Oktoba nilipomwambia Bibi twende tukapande, aliinuka mwenyewe akatafuta makubadhi. Bila bustani hii yule hainuki tena. Najua kama ninavyojua jina langu.

Jumanne, 11 Novemba

Maboga yametoa maua ya kwanza. Ua jike linakuja na kiboga chake chini, kama ukucha wa mtoto. Siku mbili, kinageuka njano. Siku ya tatu kimeanguka.

Nimemuuliza Wekesa, mlinzi wa jengo linalojengwa jirani. Mbukusu wa Bungoma, anajua kila kitu, hata asichokijua. Kasema, "Zaina, hapa hakuna nyuki. Bila nyuki hayo maboga ni decoration tu." Nilitaka kumcheka. Kisha nikasimama pale bustanini mpaka miguu ikaniuma. Nzi. Nzi wengine. Nyigu mmoja aliyepotea njia. Nyuki hata wa dawa.

Kwetu Lushoto sijawahi kumfikiria nyuki. Alikuwepo tu, kama mvua. Nani humfikiria nyuki?

Wekesa anasema tupande maua ukingoni mwa bustani. Si ya msimu mmoja, yale ya kudumu, yanayochanua na kuchanua tena mwaka hadi mwaka. Nyuki wakijifunza njia hawaachi.

Jumatano, 12 Novemba

Nimemweleza Bi Zuwena habari ya maua. Lo, uso ulivyofunguka! Kanituma kabatini nikalete kitabu alicholetewa na mjukuu wake anayesoma Uingereza. Picha tupu. Nyumba ndogo za mawe, maua marefu kama watu wamejipanga foleni, zambarau, waridi, meupe, na katikati yao kabichi. Mchana kutwa anafungua kurasa. Kachagua kwa kidole: hili, na hili, na hili lenye kengele. Majina sijui hata kuyatamka. Mjukuu alitia na pakiti za mbegu ndani ya jalada.

Nimemwambia Bibi, haya ni maua ya baridi. Kaniambia, "We mwana we, mie nimetoka Unguja mtu mzima nikaota huku jangwani. Ua lina nini?"

Ametoka Unguja miaka hamsini, na Kiunguja chake hakijachuja hata kidogo.

Ijumaa, 14 Novemba

Sir kanipeleka soko la miche. Kabaki garini kwenye kiyoyozi, kanipa muda wa kuvuta sigara mbili.

Maua mengi mpaka kichwa kinauma. Muuzaji, Mhindi mpole, ananionesha petunia. Kila mtu ananunua petunia. Nzuri, zimejikunja kama kanga mpya, na nyuki hata mmoja hazigusi. Mwisho nikaacha kumsikiliza. Nikasimama katikati ya njia kama mjinga, nikatazama nyuki wa sokoni wenyewe wanatua wapi. Maana pale nyuki wapo! Wadogo, wekundu wekundu, nusu ya nyuki wa kwetu.

Walikuwa kwenye lavenda. Walikuwa kwenye lantana. Lantana! Gugu ambalo baba alinichapa kwa kutoling'oa shambani, huku wanaliuza kwenye chungu na kibandiko. Nimeona aibu kulinunua. Nimenunua mawili.

Lakini wengi kabisa walikuwa nyuma, kwenye pembe chafu karibu na choo. Mrehani. Vyungu sita vilivyokosa mnunuzi, vimerefuka, vimechanua vishada vyeupe, vinavuma kama redio. Muuzaji kasema hivyo vimezeeka, atavitupa. Nimevichukua vyote sita.

Njia nzima gari linanukia Zanzibar, amesema sir. Ndiyo mara ya kwanza namsikia anasema jambo lisilo la kazi.

Jumatano, 19 Novemba

Tumepanda. Yaani nimepanda, Bibi ametoa amri kwenye kiti. Lavenda upande wa ukuta, lantana pembeni, mbegu za Uingereza kwenye trei kivulini. Mirehani nimeipanga ukingo wa mbele, karibu na kiti chake, ili upepo ukivuma apate harufu. Aliyepanga ni mimi mwenyewe. Hakuna aliyenishauri.

Nimekata vishada vizee ili vitoke vipya. Bibi kaninusa vidole. Kasema harusi yake ilinukia hivyo. Nimefurahi sana.

Jumapili, 7 Desemba

Mbegu za Uingereza: zimeota kumi na moja, zimebaki mbili. Lavenda mbili zimekufa. Nimezing'oa, mizizi imeoza. Bibi anazimwagilia akiamka, kisha anasahau, anazimwagilia tena. Nikimwambia nimeshamwagilia anasema sawa. Dakika tano, kashika kopo.

Siwezi kuficha kopo kila siku. Nimelificha.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimemfokea Bi Zuwena. Nimeandika ili nisijidanganye kesho.

Wiki nzima mirehani ilikuwa inatoa vishada. Nilivihesabu kila asubuhi. Jana nilikwenda kuanika, niliporudi kiti chake kimejaa. Amechuma vyote. Kila kishada cha mbele, kutoka mche wa kwanza mpaka wa sita. Ameketi anafunga kikuba kwa uzi: mrehani, asmini aliyoletewa na mwanawe, na kijani kijani kidogo. Jana Alhamisi. Kwao kila Alhamisi mwanamke anafunga kikuba, anakichomeka kifuani, nyumba inanukia Ijumaa. Tangu msichana. Na mrehani wao hauachwi kuchanua ukakomaa. Ukichanua tu, unadonolewa. Ndiyo adabu ya mrehani, kasema.

Nikasema Bibi, mrehani huu wa nyuki! Nikasema kwa sauti. Nikasema unaua bustani yako kwa mkono wako. Mweh. Mtu wa miaka themanini na ushee.

Akanipa kikuba. Kumbe alikuwa ananifungia mimi.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimefunga uzi mwekundu kwenye miche minne. Tumekubaliana, miwili yake, minne ya nyuki. Karudia mwenyewe mara tatu: miwili yangu, minne yao.

Alhamisi, 25 Desemba

Nyuzi zote nne ziko kwenye kikuba. Kazitumia kufungia.

Wekesa alikuja kuomba maji, amevaa shati la Krismasi. Kacheka mpaka kakaa chini. "Aki huyu Bibi wako ni noma." Nimecheka na mimi. Kisha nimekwenda chooni nikalia kidogo.

Jumatatu, 5 Januari

Viboga vyote vya mwanzo vimeanguka. Wekesa kasema unaweza kuchukua ua dume ukalipaka kwenye ua jike kwa mkono. Nimejaribu. Ua linafunguka alfajiri, kabla ya saa tatu limejifunga, na saa hizo ndizo namwogesha Bibi. Nikimwacha bafuni peke yake ataanguka. Mara moja nilimwacha dakika mbili. Nikaharakisha, nikavunja ua lenyewe.

Nimepanda mbegu nyingine. Ngoja ngoja yaumiza matumbo, lakini sina lingine.

Ijumaa, 16 Januari

Sir kaingia na mtu wa vigae kupima. Kupima tu, kasema. Bibi anawatazama wanavuta kamba juu ya bamia zake. Akaniuliza wale ni nani. Nikasema mafundi wa jirani. Uongo wa kwanza wa mwaka.

Alhamisi, 22 Januari

Nimepata hila. Jana nilimwomba Wekesa aninunulie mrehani wa kula sokoni Karama, mafungu matatu. Leo nimempa Bibi barazani, na asmini, na uzi, kabla hajatoka nje. Kafunga vikuba saba. Kampelekea hadi mlinzi! Wekesa kazunguka na kikuba mfukoni siku nzima, wenzake wanamtania.

Mche wa ukingoni haukuguswa.

Alhamisi, 29 Januari

Hila imefanya kazi tena. Vishada vimesimama.

Jumanne, 3 Februari

WAMEKUJA.

Saa mbili asubuhi. Nilidhani ni jenereta la jirani. Wale wale wadogo wekundu. Kumi, kisha siwezi kuhesabu. Juu ya mrehani, juu ya gugu letu la lantana, na mmoja, wallahi nimemwona, ametumbukia ndani ya ua la boga akatoka ana vumbi la njano mpaka machoni.

Nimekimbia kumtoa Bibi na mafuta bado kichwani. Kaketi. Kisha kasema, "Alaa, wametukumbuka."

Jumamosi, 14 Februari

Viboga viwili vimeshika. Kimoja kama limau, kingine kama ngumi yangu. Havijageuka njano. Navigusa kila nikipita, najua si vizuri, navigusa.

Jana sir kaviona. Kachuchumaa na kandura yake, kanzu nyeupe, kwenye udongo, kasema mashallah. Kampigia mtu wa vigae hapo hapo, kamwambia asubiri. Bibi kala sahani nzima ya pilau.

Nimewaza usiku mzima namna ya kulipika lile la kwanza. Kwa nazi na iliki. Bibi hupendelea tamu.

Alhamisi, 26 Februari

Sikumpa mrehani wa soko. Wekesa alikuwa zamu mbili, hakwenda Karama. Nikajisemea mara moja tu haidhuru. Nilikuwa ndani napiga pasi.

Sikusikia kelele. Hakupiga kelele. Nilipotoka alikuwa amesimama ukingoni, mkono wa kulia kwenye mrehani, anadonoa vishada kimoja kimoja kama kawaida ya Alhamisi, na nyuki wamejaa kwenye kile kishada. Wamemuuma vidole vitatu na kiganja. Ananitazama kama mtoto aliyechapwa asijue kosa.

Mkono umevimba mpaka kiwikoni. Sir alifika mbio, tukaenda hospitali. Dawa, sindano, tumerudi. Daktari kasema safari hii ni mkono tu.

Garini sir alitazama barabara tu. Bora angenitukana.

Mimi ndiye niliyeweka mrehani karibu na kiti. Mimi. Nilitaka apate harufu.

Ijumaa, 27 Februari

Sir kaniuliza nyuki wanatoka wapi. Nikamwambia wanafuata maua. Nikamwambia tukihamisha mrehani nyuma ya ukuta, kiti tukikisogeza, hawatamgusa. Nilisema polepole, Kiswahili kizuri kabisa. Kasema, "Nitaangalia, inshallah." Inshallah ile ya kufunga mazungumzo.

Kesho nahamisha mwenyewe.

Jumamosi, 28 Februari

Sikuhamisha. Bibi kapata homa, sikubanduka kitandani kwake. Keshokutwa.

Jumapili, 1 Machi

Kila mwezi huja mtu wa dawa ya mende. Ananinyooshea karatasi, natia saini, anaingia jikoni. Miaka mitatu natia saini hiyo. Sijawahi kusoma hata mstari, na sijui mtumishi yeyote mtaa huu anayesoma. Hapa karatasi ikinyooshwa unatia saini. Kuingia nchi, saini. Kadi ya simu, saini. Kafeel, tajiri aliyekuleta, akikupa soksi, saini. Ukianza kusoma unaonekana mjuaji.

Leo walikuja watatu, na barakoa. Nilikuwa na mikono ya unga. Nikatia saini, nikarudi kwenye chapati. Nikajua wataanza na bafu.

Nilisikia harufu kabla sijasikia mashine.

Nilitoka nje nikipiga kelele stop, stop, arbab, mwenye nyumba, hajasema! Wawili hawakugeuka hata kichwa. Wa tatu akanionesha karatasi. Bustani yote, maua yote, ukuta wote. Na chini yake jina langu, Zaina, na alama ya unga ya kidole changu. Kasema, "Sister, you sign."

Sir ndiye aliyewaita, kwa simu. Najua. Pengine ningekataa, wangempigia, naye angesema pulizeni. Pengine. Lakini pengine angesita. Tangu siku ile ya viboga alikuwa mtu wa kusita. Ningepata dakika tano za kumwomba, na hizo dakika nimezitia saini mwenyewe nikakanda unga.



Jumatatu, 2 Machi

Nimefagia nyuki. Wamejaa kizoleo. Wepesi, hawana uzito hata kidogo. Wachache walikuwa wanatembea bado, wanazunguka pale pale.

Viboga viko hai. Kile kikubwa kimekuwa kama kichwa cha mtoto mchanga.

Jumanne, 3 Machi

Sir kaja asubuhi kabla ya kazi. Kasema dawa ile ni kali, Mama anaokota chochote akatia mdomoni. Kila kitu king'olewe leo. Mboga, maua, vyote.

Nikamwambia sir, maboga haya tuyangojee, nitayalinda, nitayaosha. Kasema Zaina, tafadhali. Kasema tafadhali, na macho yake mekundu. Angefoka ningegombana naye. Mtu akikwambia tafadhali unagombana na nini?

Nimeng'oa. Imechukua saa mbili na nusu. Kazi ya miezi minne. Boga kubwa nililitoa mwisho, nikalikata nione ndani. Mbegu nyeupe, laini, hazijakomaa. Hata za kupanda hazifai.

Mirehani ilinukia mpaka ndani ya mfuko wa taka. Bibi alikuwa amelala. Nilishukuru Mungu amelala.

Sijamwambia mtu habari ya saini. Sir hajaniuliza. Wekesa kaniuliza nani aliruhusu, nikasema sijui. Uongo wa pili wa mwaka, na huu si wa kumhurumia mtu.

Jumapili, 15 Machi

Vigae vimeingia. Siku mbili tu wamemaliza. Rangi ya maziwa, vinang'aa, vinateleza, na sir mwenyewe alikuwa anaogopa Mama asianguke. Safi. Hakuna ukingo wa kumwangusha mtu.

Bi Zuwena hajatoka chumbani tangu Jumanne ile ya kung'oa. Anakula vijiko vitatu. Anatazama ukuta.

Jumamosi, 21 Machi

Vijiko viwili. Nimempikia boga la dukani kwa nazi na iliki. Kageuza uso.

Ijumaa, 27 Machi

Sir kakaa kitandani kwa mama yake kutwa nzima, kamshika mkono ule ule. Umenywea sasa. Kamwambia atamhamishia kwake ghorofani, kuna dirisha kubwa, unaona mpaka baharini. Bibi kafumba macho. Sir akatoka, akaniuliza mimi barazani, kwa sauti ndogo, "Nimekosea?" Nimemjibu kwamba alikuwa anamlinda mama yake. Ni kweli. Wote tulikuwa tunamlinda.

Hapo ndipo ningesema habari ya saini. Mdomo ulifunguka. Nikamuuliza nimletee chai.

Jumatano, 1 Aprili

Alasiri nilikuwa nakunja nguo nikasikia makubadhi. Polepole. Nikatoka mbio. Bi Zuwena alikuwa amefika barazani mwenyewe, ameshika ukuta, kanga kaivaa upande. Nikamkalisha kwenye kiti chake. Nilimziba kidogo kwa mwili wangu asione, kama kwamba uwanja mzima unazibika.

Aliangalia pembeni yangu. Jua lilikuwa linapiga vigae mpaka machoni. Nilijiandaa kwa kilio, kwa laana, kwa lolote.

Kasema, "Zaina, leo hutii maji? Jua limeshashuka."

Kisha nikaenda nikafungua mfereji, nikavuta mpira. Nikatia maji. Nilianzia mlangoni nikashuka taratibu mpaka ukutani, safu kwa safu, na yeye ananifuata kwa macho. Kanielekeza kwa kidole nisiruke kule ukingoni. Sikuruka. Maji yalikwenda yote kwenye tundu la maji machafu.

Aliponiambia yatosha nikafunga. Kala wali nusu sahani. Kasema kesho nianze mapema, udongo umekauka sana.